Mashine ya msasa wa mkanda kwa mbavu za gita: kwa nini ncha zinabaki wazi?

GitaLaMeru (Arusha) #1

Habari za kazi, wakuu. Nina mashine ya msasa wa mkanda, mkanda wake ukiwa wa milimita 150 kwa 1,220, ambayo kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kulainisha miguu ya meza. Mwaka huu nimeanza kutengeneza magita ya nyuzi za chuma, na nimeigeuza mashine hiyo ili initengenezee mbavu, yaani zile fito nyembamba zinazogundishwa ndani ya uso wa gita ili usibonyee.

Uso wa gita, hata ukionekana bapa, huwa na mbinuko mdogo unaotokana na mbavu hizo. Mimi natumia nusukipenyo cha mita 7.6, yaani futi 25. Kwa ubavu wenye urefu wa milimita 400, katikati inatakiwa kuzidi ncha kwa milimita 2.6 tu. Kulipata umbo hilo kwa mkono, kwa kusugua ubavu kwenye sinia la mbao lenye mbonyeo wa mita hizohizo 7.6 lililobandikwa msasa, kunanichukua karibu robo saa kwa kila ubavu, na gita moja lina mbavu zaidi ya kumi.

Kwa hiyo nililitoa bamba la chuma lililo chini ya mkanda na kuweka bamba la mninga nililolichonga mbonyeo wa mita 7.6, kisha nikalivika kitambaa cha grafaiti ili mkanda uteleze. Naushusha ubavu juu ya mkanda, nahesabu hadi ishirini, na unatoka na mbinuko. Tatizo ni kwamba ninapouweka ubavu huo kwenye sinia na kumulika tochi ya simu nyuma yake, katikati hakuna mwanga wowote, lakini sentimita tano za mwisho za kila ncha zinaonyesha mstari mwembamba wa mwanga. Kwa fila geji, ile ya mafundi wa magari ya kupimia mapengo membamba, ni kama milimita 0.2. Bamba nimelipima mara tatu na halina kasoro. Kosa liko wapi?

MzeeRanda (Keko, Dar es Salaam) #2

Kosa liko kwenye swichi, ulipoiwasha.

Nisameheni, huo ni utani wa mtu aliyezeeka na randa mkononi. Lakini nina hoja mbili za kweli. Ya kwanza ni kwamba randa ndogo ya mbao, ukiichonga soli yake iwe na mbonyeo wa mita hizo 7.6, inatengeneza ubavu mmoja kwa dakika tatu bila vumbi. Ya pili ni kwamba msasa huacha chembe zake ndani ya mbao laini. Ukishapitisha mashine halafu ukataka kupunguza ubavu kwa patasi, patasi inakutana na chembe hizo na makali yanaondoka. Anayetaka kuchanganya zana hizi mbili aanze na chuma na amalizie na msasa, asigeuze mpangilio huo.

PuliNaMkanda (Nairobi) #3

Shikamoo Mzee. Kuhusu chembe nakubaliana nawe, ila swali la kaka GitaLaMeru bado halijajibiwa.

Mimi kazi yangu ni vyuma na mitambo, si magita, kwa hiyo naliangalia hili kwa upande wa mkanda. Mkanda uliokazwa kati ya rola mbili unataka kwenda moja kwa moja, hautaki kuzama kwenye shimo. Fikiria kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa sana: ukiibonyeza katikati kwa kiganja inashuka, lakini pembeni mwa kiganja inapanda tena papo hapo. Ubavu wako ndio kiganja. Katikati unaubana mkanda hadi ukalie bamba, lakini karibu na ncha mkanda umeshaanza kupanda kurudi kwenye usawa wake, kwa hiyo unazila ncha kuliko unavyotakiwa. Bamba liwe sahihi namna gani, mkanda haulifuati pale.

Nina maswali mawili. Bamba lako lina urefu gani kulinganisha na ubavu? Na je, ncha zote mbili zina pengo sawa, au ile inayotazama upande mkanda unakotokea ina pengo kubwa zaidi?

GitaLaMeru #4

Marahaba nimwachie Mzee mwenyewe. Bamba lina milimita 430, kwa hiyo linazidi ubavu kwa milimita 15 tu kila upande. Na ni kweli, nimerudia kupima mbavu nne zilizopo mezani: ncha inayokutana na mkanda kwanza ina 0.25, nyingine ina 0.15 au pungufu kidogo. Sikuwa nimeliona hilo.

PuliNaMkanda #5

Basi mshtakiwa ni mkanda. Mkanda unapofika kwenye ukingo wa mbao hufanya kijiwimbi mbele yake, na kijiwimbi hicho ndicho kinachoila ile ncha ya kwanza. Legeza mkanda kidogo, au tengeneza bamba refu zaidi. Kwa mashine ya mkanda wa 1,220 yenye rola za milimita 65, umbali kati ya vitovu vya rola ni kama milimita 508, kwa hiyo nafasi ya kurefusha ni ndogo. Vinginevyo kubali kutengeneza mbavu ndefu kuliko unavyohitaji, kisha ukate ncha.

BiSeremala (Kisumu) #6

Kaka PuliNaMkanda, umehukumu kabla ya kusikiliza shahidi wa pili. Vipimo hivyohivyo vinaweza kutokana na mikono.

Mkanda unauvuta ubavu kuelekea unakokimbilia. Fundi naye, bila kujua, anauzuia kwa kusukuma upande wa pili, na ukisukuma kwa mkono ulio juu ya kitu chembamba chenye kimo cha milimita kumi na sita, kinainama kidogo kuelekea ule upande mkanda unakotokea. Ncha ya kwanza inabonyezwa zaidi, inaliwa zaidi. Na kwa kuwa sehemu ya chini ya ubavu ni mbinuko, inabembea kama kiti cha bibi, mara huku mara kule, ndiyo maana hata ncha ya pili haikupona.

Nasema haya nikiwa nimepoteza ukucha wa kidole cha shahada kwa mashine ya aina hiyo mwaka juzi. Ubavu wa milimita nane kwa upana ni kitu cha kuteleza. Tangu siku hiyo sishiki ubavu kwa vidole. Nina kipande cha mtiki kilichochongwa mfereji wa milimita nane, ubavu unaingia humo kwa kubana na unatokeza chini kwa milimita tano, na kipande chenyewe kina vishikio viwili na kizuizi kinachoegemea fremu ya mashine ili mkanda usikiburute. GitaLaMeru, wewe unashika kwa nini?

GitaLaMeru #7

Kwa vidole, dada. Nimesoma habari ya ukucha nikaenda kuvitazama.

Udi_wa_Ngambo (Unguja) #8

Ruhusuni neno moja la lugha kabla hamjaendelea. Mnachokiita mbavu, wajenzi wa majahazi hapa kwetu wana neno lake zuri, taruma, wingi mataruma: mbao zinazoshika chombo kwa ndani ili kisifumuke. Mimi natengeneza nyudi, yaani zile ala za nyuzi za taarabu, na nimekuwa nikilitumia hilo tangu nijifunze kazi.

Na kwa upande wa udi hatuna shida hii, kwa sababu uso wa udi ni bapa na mataruma yake ni fito zilizonyooka zinazopita kwa upana, kwa hiyo mtu anahitaji randa na ukingo ulionyooka tu. Herufi ya X ya mataruma yanayopishana mnayoiweka nyinyi ndani ya magita ya nyuzi za chuma, ambayo kampuni ya Martin kule Marekani ilikuwa ikiitumia tangu miaka ya 1840, ndiyo iliyowaletea mitihani ya futi 25.

MzeeRanda #9

Marahaba, PuliNaMkanda. Udi_wa_Ngambo, taruma ni neno zuri, ila ukimwambia fundi wa Keko kwamba unatafuta mataruma atakupeleka relini. Si X inayoleta mbinuko. Hata magita ya nyuzi laini, ambayo mbavu zake hupangwa kama pepeo la ukili, mafundi wengi huyapa mbinuko. Mbinuko ni wa kuupa uso nguvu na nafasi ya kupumua unyevu unapobadilika. X ni mpangilio tu.

Udi_wa_Ngambo #10

Nimesahihishwa, Mzee. Ila mataruma nayashikilia.

FundiLshi (Lubumbashi) #11

Jambo kwenu wote. Huku kwetu tunatengeneza magita kwa vifaa vya aina yoyote vinavyopatikana, kwa hiyo nimefurahi kuona mjadala huu. Mimi naona sababu ni rahisi zaidi: umechonga bamba kwa mita 7.6 halafu ukaweka juu yake kitambaa na mkanda, ambavyo pamoja vina unene wa kama milimita mbili. Nusukipenyo kimebadilika, kwa hiyo ubavu hauwezi kulingana na sinia.

MwalimuKipimo (Mwanza) #12

Kaka FundiLshi, wazo lako ni la halali lakini hesabu inalikataa. Kina cha tao hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa wenyewe na kugawanya kwa mara nane ya nusukipenyo. Kwa urefu wa 400 na nusukipenyo cha 7,620 tunapata 2.62. Ukitoa milimita mbili kwenye nusukipenyo, jibu linabadilika kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Fila geji ya GitaLaMeru haiwezi kuliona hilo, wala yangu.

Kinachoweza kuonekana ni sinia lenyewe kuwa na kosa. GitaLaMeru amesema amelipima bamba mara tatu, lakini hajasema amelipima sinia hata mara moja. Kama sinia limechakaa katikati kwa sababu ya kusugulia mbavu hapo kila siku, kina chake kimezidi na ncha za ubavu ulio sahihi... la, samahani, nimegeuza. Sinia lenye kina zaidi lingegusa ncha na kuacha mwanga katikati. Ili ncha zibaki wazi, sinia linapaswa kuwa bapa kuliko bamba. Je, mbao za sinia zinaweza kuwa zimejinyoosha?

GitaLaMeru #13

Sinia ni la MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, na limekaa ukutani likiwa limening'inizwa. Nimelipima leo kwa rula ya chuma ya milimita 600, kina ni 5.9 katikati.

MwalimuKipimo #14

5.9 kwa urefu wa 600 ndiyo jibu la mita 7.6. Sinia halina hatia.

BaridiToronto (Toronto) #15

Salamu kutoka kwenye baridi. Nimefuatilia uzi huu kwa makini kwa sababu niliwahi kupata pengo kama hilo na sikulaumu mkanda wala mikono. Nililaumu joto.

Mkanda wenye msasa namba 80 unaokimbia kwa kasi ya mashine za kawaida unaupasha moto uso wa mbao. Kwa rola ya milimita 65 na mota ya mizunguko 1,400 kwa dakika, mkanda wako unakwenda mita 286 kwa dakika, karibu mita tano kwa sekunde. Mota yangu huku inazunguka mara 1,725 kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 60, kwa hiyo kwangu ni mbaya zaidi. Uso unaosuguliwa unakauka, upande wa juu haukauki, na mbao iliyokauka upande mmoja inapinda.

Dawa niliyoitumia ni kuachana kabisa na bamba la mbonyeo. Nina bamba la kawaida, bapa. Kwenye kishikio cha ubavu naweka vipande viwili vya plaiwudi vya milimita 2.6 chini ya ncha, kisha naubana ubavu katikati kwa skrubu hadi ukalie kishikio. Ubavu unapinda, ncha zake zinatokeza kuelekea mkanda. Nausugua hadi uwe bapa, nafungua skrubu, na ubavu unarudi ukiwa na mbinuko wa milimita 2.6. Mkanda unabaki ukikimbia ulikozoea.

BiSeremala #16

Hii ya kupinda kwanza na kusugua baadaye nimeipenda sana, kwa sababu inakubali tabia ya mashine.

MwalimuKipimo #17

Ni nzuri, lakini ina mtego ambao nadhani BaridiToronto hajauona. Fito iliyoshikiliwa ncha mbili na kubonywa kwa nukta moja katikati haipindi kuwa tao la duara. Inapinda zaidi karibu na skrubu na inanyooka kuelekea ncha. Katika robo ya urefu, tao la duara linatakiwa kuwa asilimia 75 ya kimo cha katikati, lakini fito iliyobanwa hivyo inafika asilimia 68.75. Kwa kimo cha 2.62, upungufu huo ni milimita 0.16. Maana yake umeondoa mwanga kwenye ncha na kuuhamishia kwenye robo.

Badala ya vipande viwili na skrubu moja, kishikio chote kichongwe mbonyeo wa mita 7.6 na ubavu ubanwe sehemu nyingi ukilalie huo mbonyeo. Hapo duara linabaki duara.

Kuhusu joto, nina pingamizi. Uso wa chini ukikauka unanywea, kwa hiyo mbinuko unapungua. Mbinuko ukipungua, ncha ndizo zinazogusa sinia na mwanga unaonekana katikati. GitaLaMeru anaona kinyume chake.

BaridiToronto #18

Mwalimu, kuhusu skrubu nimekuelewa na nimekwenda kupima: kweli kuna mwanga kwenye robo, nimekuwa nikiuziba kwa gundi bila kujua. Ahsante.

Lakini kuhusu joto umeuangalia ubavu ukiwa bado wa moto. Uangalie kwa mpangilio wa wakati. Ubavu uko juu ya mkanda, uso wake unakauka na kunywea, na bado mkanda unaulazimisha ufuate bamba. Kwa hiyo umepewa umbo sahihi ukiwa umenywea. Ukishauondoa, unyevu unarudi, uso unatanuka, na mbinuko unazidi ule wa bamba. Mbinuko ukizidi, ncha ndizo zinazobaki wazi. Ndicho anachokiona.

MwalimuKipimo #19

Nakubali kwamba mwelekeo unawezekana. Kiasi ndicho ninachokitilia shaka, kwa kuwa mbao hubadilika kidogo mno kwa urefu wake ikilinganishwa na upana. Hata hivyo nimefanya hesabu na imenishangaza: kwa ubavu wenye kimo cha milimita 16, uso mmoja ukitofautiana na mwingine kwa sehemu moja tu ya elfu kumi, ubavu wa milimita 400 unapinda kwa karibu milimita 0.12. Sisemi kwamba ndicho kinachotokea katika sekunde ishirini. Nasema siwezi tena kulicheka wazo hilo.

Msindano_Mufindi (Mufindi) #20

Hakuna aliyeuliza mbavu hizo ni za mti gani. Huku kwetu msindano umejaa, lakini unakua haraka na pete zake ni pana, sehemu laini na sehemu ngumu zikipishana. Msasa unakula sehemu laini na kuruka sehemu ngumu. Kama ncha za ubavu zina pete tofauti na katikati, haziwezi kuliwa sawa.

GitaLaMeru #21

Ni sprusi ya Ulaya, mti wa jamii ya msindano, niliipata kwenye kreti lililoleta mashine ya kiwandani. Lilikuwa na muhuri wa HT. Nilichagua mbao zenye pete za kubana.

FundiLshi #22

Muhuri wa HT maana yake mbao imepikwa, kwa hiyo imeshakauka vizuri na haiwezi kucheza. Hilo linaiondoa hoja ya unyevu.

Msindano_Mufindi #23

Hapana, kaka. HT ni matibabu ya joto dhidi ya wadudu: kiini cha mbao kifike nyuzi joto 56 kwa dakika 30 mfululizo. Muhuri hausemi chochote kuhusu ukavu. Nimewahi kupasua kreti lenye muhuri huo mbao ikiwa na ubichi wa kulowesha kiganja.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Mbao za kreti hupasuliwa kwa msumeno bila kujali mti umelalaje. Kwa mbavu, mbao ipasuliwe kwa shoka au patasi pana, ifuate mkondo wa nyuzinyuzi zake yenyewe. Ukitumia ya msumeno, mkondo unatoka nje ya ubavu kabla haujafika mwisho, na mbao ya namna hiyo haipindi sawasawa pande zote mbili. GitaLaMeru, chukua kipande kilichobaki, kipasue, uone ufa unakwenda wapi.

GitaLaMeru #24

Nimepasua. Kwa urefu wa sentimita 40 ufa umetoka nje kwa kama milimita sita. Nilitaka kuandika kwamba ni kidogo, kisha nikakumbuka ubavu wote una upana wa milimita nane.

MzeeRanda #25

Basi kabla ya kuitengeneza mashine, itengeneze mbao. Unatafuta milimita 0.2 kwenye ubavu ambao nguvu yake inatoka nje kwa ubavuni.

BiSeremala #26

Mzee ana haki hapo. Lakini nami niongeze hatari nyingine ya mashine hii, kwa kuwa wengi wakishapata umbo la chini wanajaribiwa kupunguza na sehemu ya juu kwa kutumia rola ya mbele. Mimi nilifanya hivyo. Nilitaka mbavu za X za milimita 15, na kwa sekunde chache za kuzubaa zikawa 12. Nikajiambia milimita tatu ni nini.

MwalimuKipimo #27

Milimita tatu hizo ni nusu ya ugumu. Ugumu wa ubavu hufuata kimo chake kikizidishwa chenyewe mara tatu. Kumi na mbili kwa kumi na tano ni 0.8, na 0.8 ikizidishwa hivyo ni 0.512.

BiSeremala #28

Nilijifunza bila hesabu, Mwalimu. Nyuzi za chuma za kawaida huvuta kwa jumla ya kilo sabini na ushee. Gita lilipendeza sauti kwa miezi mitano, lilikuwa na besi ambayo sijaipata tena. Mwezi wa sita uso ukabonyea mbele ya daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya uso, na kuvimba nyuma yake, na nyuzi zikapanda hadi mteja akawa anabonyeza kwa vidole viwili. Nililirudisha, nikaling'oa uso, nikaanza upya kwa gharama yangu. Siku hizi sehemu ya juu ya ubavu siipeleki kwenye mashine. Naipunguza kwa patasi huku nikigonga uso kwa kidole na kusikiliza.

PuliNaMkanda #29

Kwa wenye kung'ang'ania mashine kama mimi, punguzeni mwendo. Puli ya mota iwe nusu ya ile ya rola, mkanda ushuke kutoka mita 286 hadi 143 kwa dakika. Joto linapungua, na mkono unapata muda wa kufikiri. Utomvu wa sprusi nao hauyeyuki na kuziba msasa upesi. Mkanda ulioziba haukati tena, unachoma tu, na alama zake ni zile za kahawia zenye harufu ya ubani.

BiSeremala #30

Kwa mkanda ulioziba, tafuteni kiatu cha zamani chenye soli ya raba ghafi, ile ya manjano inayonata kidogo. Ukiigusisha kwenye mkanda unaokimbia, inang'oa vumbi lote na mkanda unarudi kama mpya. Na tafadhali vaeni barakoa ya kweli, si kitambaa. Vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na anayesugua mpingo kwa ajili ya shingo na daraja aongeze tahadhari, kwa sababu vumbi lake linawasha ngozi na kifua.

GitaLaMeru #31

Nimefanya majaribio matatu Jumamosi na Jumapili, yote kwa mbavu za milimita 400 nilizozipasua kwa shoka kama alivyoelekeza Msindano_Mufindi.

Ubavu wa kwanza niliushika kwa vidole kama zamani: 0.2 ncha ya kwanza, 0.15 ya pili. Kwa hiyo mbao nzuri imesaidia kidogo tu.

Wa pili niliuweka kwenye kishikio cha mfereji, chenye kizuizi cha kuegemea fremu: 0.1 na 0.1, mara tu baada ya kuutoa. Dada BiSeremala, hapo nilitaka kukutangazia ushindi. Lakini nililala na ubavu uko mezani, asubuhi nikapima tena, ikawa 0.15 kote kote. Usiku mvua ilinyesha.

Wa tatu niliutumia kishikio hichohicho na kulegeza mkanda hadi ukakaribia kutoka kwenye rola. Ulitoka na 0.05, na asubuhi ulikuwa 0.1.

BaridiToronto #32

Ile nyongeza ya usiku ndiyo hoja yangu. Mikono na mkanda haviongezi pengo mtu akiwa amelala.

PuliNaMkanda #33

Lakini kulegeza mkanda kumeondoa nusu ya lililobaki. Hiyo ni hoja yangu.

BiSeremala #34

Na kishikio kimeondoa karibu nusu ya lote. Naomba yaandikwe kwa mpangilio huo.

MwalimuKipimo #35

Nyongeza ya usiku inaweza pia kuwa ya sinia. MDF nayo inakunywa unyevu, na mvua ilinyesha kwa ubavu na kwa sinia. Ilipaswa kupimwa kwa rula ya chuma iliyochongwa tao. Na ubavu mmoja kwa kila jaribio ni mchache mno. Rudia kwa mbavu tano tano, usubiri siku isiyo na mvua.

FundiLshi #36

Mbavu kumi na tano ni za magita mangapi?

MzeeRanda #37

Wakati mnajibizana nimechonga mbavu nne kwa randa. Nimezipima kwa fila geji ya jirani kwa sababu sina yangu. Mbili hazina mwanga, moja ina 0.1 kwenye ncha, moja ina 0.1 katikati. Nimezisugua mara tano tano juu ya sinia na zote zimekaa.

PuliNaMkanda #38

Mzee, unatumia sinia lenye msasa! Kumbe nawe umo.

MzeeRanda #39

Mara tano tano, kijana, na bila umeme.

GitaLaMeru #40

Kwa sasa nitafanya hivyo pia: mashine hadi ibaki 0.1, kisha mara kadhaa kwenye sinia, halafu gundi ndani ya saa ileile kabla unyevu haujaamua jambo. Bamba jipya bapa nimeshaagiza, nijaribu na kishikio cha mbonyeo cha Mwalimu. Nitaleta vipimo vya mbavu kumi na tano mvua ikikatika.

Soli ya raba ghafi nimeipata na inasafisha mkanda kama dada alivyosema. Imetoka kwenye kiatu cha kushoto cha mjomba, ambaye tangu jana anakitafuta.